Nilichoandika Kuhusu Kinda la Korongo

Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha kwamba bomba la mafuta haliui mnyama. Nikiwaambia watu hivyo walicheka, na sikuwalaumu. Ukishuka bondeni kutoka Kapkatet kote ni chai na ng'ombe wa maziwa, na mnyama wa porini aliyebaki ni yule aliyeshindwa kuhama. Lakini kampuni iliyochimba mtaro wa bomba ilitakiwa iwe na mtu wa wanyama, na mimi nilikuwa na cheti cha mazingira na gambuti zangu mwenyewe. Kila asubuhi, kabla tingatinga hazijawashwa, nilitembea kando ya mtaro na ndoo na fimbo ndefu, nikitoa waliotumbukia usiku. Vyura, vinyonga, fuko, siku moja paka wa jirani aliyenikwaruza badala ya kushukuru. Kisha nilijaza fomu, na mkubwa wangu aliitia sahihi bila kuisoma.

Kazi ilinifaa kwa sababu haikudai nihisi kitu. Mama alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla, na tangu hapo nyumbani tulikuwa wawili, mimi na baba, na baba alikuwa ameacha kuongea. Si kwamba alikasirika. Alikamua ng'ombe, akapeleka majani ya chai kituoni yakapimwe, akala nilichopika, akalala. Nami nilikuwa vilevile. Watu wa kanisa walisema tumejikaza vizuri.

Kwenye kinamasi kilicho chini ya shamba letu waliishi korongo wawili, wale wenye taji la manyoya kichwani. Sisi tunawaita kong'ony, na ndiye mnyama wa ukoo wa baba. Mtu wa ukoo huo hamuui wala hamrushii jiwe, hata akimkuta anafukua mahindi aliyopanda jana. Walipotaga niliomba mtaro uzungushwe mbali na kiota, na wakubwa wakakubali, jambo ambalo lilinishangaza. Mayai yakaanguliwa. Kinda mmoja akabaki.

Dereva wa lori la dizeli alikuwa mtu wa upande wa ziwa, mzaliwa wa huku huku. Baba yake alikuja kuchuma chai kwenye estate na hawakurudi tena. Alikuwa mpole. Kila tulipokutana aliniuliza, "Madam, watoto wako wameamkaje?" akimaanisha vyura. Sheria ilikuwa kwamba akijazia tingatinga mafuta aweke karai chini ya koki. Asubuhi hiyo karai lilikuwa limechukuliwa na watu wa simiti, naye hakulifuata. Dizeli ikadondoka, ikafuata mfereji mpaka kinamasini. Saa nne nilimkuta kinda kwenye nyasi, manyoya yameshikamana, anatetemeka. Wazazi wake walikuwa ng'ambo ya kinamasi wakipiga kelele.

Nilimpigia simu daktari wa wanyama aliyekuwa Naivasha. Alisema atafika kesho yake asubuhi. Nimwoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, nimkaushe, nimweke kwenye boksi mahali penye joto. Maji safi tu, chakula atakuja nacho yeye.

"Na maziwa usimpe kabisa," alisema. "Watu wa huko nawajua."

Mkubwa wangu alikuwa amesimama karibu na dereva. "Hiyo ndege ikipona, utapata waning leta, onyo tu," alimwambia. "Ikikufa, wewe nenda nyumbani."

Dereva alinitazama mimi, hakumtazama mkubwa. "Madam, si utajaribu?"

Nikasema nitajaribu.

Nilimpeleka nyumbani kwa sababu ndipo palipokuwa karibu, na jikoni kulikuwa na moto wa kuni. Nilimwosha mara tatu. Ilipofika jioni alikuwa amekauka, amesimama kwenye boksi kwa miguu yake mirefu, anatazama huku na huku. Nilijua atapona. Nasema hivyo bila kujipendelea, maana nilikuwa nimeshaosha ndege wengine wakapona.

Baba aliingia kutoka kukamua. Alimwona, akavua kofia, akachuchumaa mbele ya boksi.

"Huyu ni mtu wetu," akasema. "Nani alimleta?"

"Ni mimi, baba."

"Umefanya vizuri. Na amepewa nini?"

Yalikuwa maneno mengi kuliko aliyoniambia mwezi mzima. Kabla sijajibu alikwenda kwenye rafu, akashusha kibuyu alichokitengeneza mama na kukisugua ndani kwa mkaa kwa mkono wake, ambacho hakikuguswa tangu tumzike ila na baba mwenyewe. Kwetu mgeni hakai na njaa, na mgeni mkubwa hupewa mursik, maziwa yaliyogandishwa kibuyuni. Akamimina maziwa kwenye kifuniko, akachovya kidole, akamdondoshea mdomoni. Kinda akameza. Baba akacheka.

Mimi nilikuwa nimesimama na taulo mkononi. Nilijua. Maneno yalikuwa tayari, machache tu: baba, daktari amekataza. Sikuyasema. Nilimwacha ammiminie kifuniko kizima, huku akimsimulia kinda habari za babu yake, nami nikamsikiliza baba yangu anavyoongea.

Asubuhi kinda alikuwa amelala ubavu, tumbo limevimba. Daktari alipiga simu akiwa njiani, nikamwambia amekufa.

"Mlimpa kitu?"

"Maji tu."

Akashukuru, akageuza gari. Nikachukua fomu. Mahali pa chanzo cha kifo niliandika: mafuta ya dizeli. Safari hii mkubwa wangu aliisoma. Kabla ya chakula cha mchana nilimwona dereva akipanda barabara kwa miguu, koti begani, thamosi mkononi. Nilingoja nione kama nitahisi aibu. Haikuja. Nikaendelea kutembea kando ya mtaro, nikatoa vyura wawili.

Baba alimzika kinda kando ya ua, akamwombea.

Miezi mitatu baadaye nilikutana na dereva sokoni Kapkatet akisukuma mkokoteni wa mitungi ya maji. Nilitaka kupita. Yeye ndiye aliyeuegesha akanifuata, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Madam, pole sana kwa ile ndege yenu. Nilisikia mzee iliuma yeye vibaya. Mwambie ni mimi nilikosea. Mwambie anisamehe."

Nikasema nitamwambia, na nikamwambia. Baba siku hizi anaongea. Jioni anakaa mlangoni na kunisimulia mambo ya zamani. Aliposikia ujumbe wa dereva alisema, "Hata yeye ana watoto. Mwambie nimemsamehe."

Jumamosi iliyofuata nilirudi sokoni, nikamfikishia dereva msamaha wa baba. Aliinamisha kichwa, akasema Mungu ni mwema. Nikasema ni kweli, kisha nikaenda kununua nyanya.