Arobaini ya Kobe Wetu

Mnaweza kunicheka nikisema enzi zetu, maana bado navaa sare ya shule na asubuhi naamshwa kwa kuvutwa blanketi. Lakini nyinyi mliozaliwa miaka ileile na mimi mnajua zilikuwepo. Enzi za kuruka kamba iliyokatwa kwenye mpira wa baiskeli mpaka adhana ya magharibi. Enzi za kutumwa simsim, yaani ufuta, dukani, ukarudi na nusu, na midomo inang'aa mafuta, halafu unaapa hukuonja. Binamu zangu wadogo hapa Nabuyonga, Mbale, hawayajui hayo. Wao wanafuga kuku ndani ya simu ya shangazi. Kuku akifa kwa njaa wanabonyeza, anafufuka, anataga tena. Juzi Shamim, mwenye miaka saba, akaniuliza, "Dada, wewe ulifuga nini?" Nikasema kobe. Akauliza, "Alifika leveli ngapi?"

Ndiyo maana naandika.

Wakati ule tulikaa Jinja, Kimaka, ambako tarumbeta ya wanajeshi ilitufikia kitandani kabla ya harufu ya chai. Baba alikuwa akifyeka majani kwa kibarua. Siku moja alirudi ameshika kofia yake kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba uji wa moto. Ndani mlikuwa na kobe mchanga, mdogo kuliko nusu ya limau, na udongo wa shimo alimozaliwa bado umemganda machoni. Habuba, ndivyo sisi Wanubi tunavyomwita bibi, alimweka kiganjani akampindua. Tumboni palikuwa na alama laini, nyekundu kidogo, haijafunga.

"Ana kitovu," alisema. "Mwenye kitovu kibichi hatoki nje. Arobaini."

Baba alicheka. "Mama, huyu ni kobe."

"Na wewe ulikuwa nani? Ulikuja ukiwa mbaya kuliko huyu, na nikakuficha."

Maneno yakaisha hapo. Habuba alikuwa mkunga aliyepokea nusu ya watoto wa mtaa wetu, na kwake mtoto alikuwa mtoto. Mtoto haonyeshwi jicho la watu wala upepo mpaka arobaini zake zitimie. Kobe akapewa boksi la viatu kwenye chumba cha ndani, kile ambacho jua halikuwahi kukijua. Pazia likashushwa, udi ukafukizwa. Kila asubuhi Habuba alichovya kidole kwenye mafuta ya simsim akampaka gamba polepole, huku akimwimbia kwa Kinubi. Siku ya saba akampa jina, Saburi.

Kazi ya kumlisha ilikuwa yangu. Mimi ni mtu wa kujificha, bado niko hivyo. Mgeni akibisha hodi, naingia jikoni. Shuleni waliniita Kimya, na hata mwalimu akazoea. Saburi ndiye kiumbe wa kwanza kunielewa. Ukimjia haraka anavuta kichwa ndani, na mimi nilijua kabisa anavyojisikia. Kwa hiyo nilimjia taratibu. Nilimkatia majani ya dodo, mchicha wetu, madogo kama kucha, nikamshikia kwa ncha za vidole, nikangoja. Kwanza pua, halafu jicho moja, halafu shingo yote yenye mikunjo, kama ya mzee anayechungulia dirishani. Aling'ata jani, kata, kata, nikasikia sauti ya mkasi mdogo. Nilimlowekea hata gurusa, ile chapati yetu laini, kwenye maziwa, kwa sababu Habuba alisema mtoto bila maziwa hanenepi.

Jirani yetu Afande, mstaafu mwenye sungura wengi, alikuja kuazima kaa la moto, akachungulia ndani ya boksi.

"Hajati, hii mtoto iko ya jua. Unaficha yeye ya nini?"

"Afande, wewe umezaa ngapi?"

"Mimi? Nimezaa tisa!"

"Umezaa wewe, au mke wako?"

Nyumba nzima ilicheka. Afande mwenyewe alicheka mpaka kaa likaanguka. Hakuna aliyefikiria tena alichosema.

Kisha nikaanza kuona kwamba gamba linabonyea. Nilipomshika kwa kidole gumba lilizama kidogo, kama kopo la plastiki. Nikamwambia Habuba. Akaupeleka mkono wangu kwenye kichwa cha mtoto wa jirani aliyekuwa mapajani mwake, nikasikia utosi unapumua.

"Unaona? Wote wanakuja laini. Utafunga."

Akaongeza mafuta. Nilimwamini. Mpaka leo sijui mtu mwingine wa kumwamini hivyo.

Arobaini zilipofika, Habuba alipika gurusa sinia mbili na chai ya tangawizi. Watoto wa mtaa walijaa uani. Saburi alitolewa juu ya kitambaa cheupe, ananukia udi kama bwana harusi, akawekwa juani kwa mara ya kwanza. Miguu haikumbeba. Lakini alinyoosha shingo. Aliinyoosha kuliko nilivyowahi kuiona, akafumba macho, akafungua mdomo kidogo kuelekea juu.

"Ameliona jua," alisema Habuba. "Anashukuru."

Tulipiga makofi. Mimi Kimya nilipiga kuliko wote. Afande alimletea ua jekundu la uani kwake, lakini Saburi hakuling'ata, na Afande akaliacha pale kitambaani. Alasiri ilipoadhiniwa shingo ilikuwa bado nje. Nikamgusa ghafla, makusudi, ili ajifiche. Hakujificha.

Habuba alimzika mwenyewe kando ya ukuta. Alisema neno moja tu, huku anafuta udongo mikononi, "Nilimfunika mno." Tangu siku hiyo, mtoto yeyote aliyempokea alimpeleka juani wiki ya kwanza, na wanawake wakanong'ona kwamba mzee ameharibika akili.

Sasa tuko Mbale kwa shangazi, na Habuba yuko chumba cha nyuma. Miguu imevimba, mifupa imelegea, pazia limeshushwa. Shangazi anasema upepo wa mlima utamuua. Kila siku Habuba ananinong'oneza, "Nitoe." Wiki iliyopita nilijikaza, nikasimama mbele ya shangazi, sauti yangu kama ya mbu. "Habuba anataka jua."

"Haya! Kimya leo amekuwa daktari!" Wote walicheka, kwa upendo kabisa. Upendo wetu ndio huo, unafunika.

Jana shangazi alikwenda sokoni. Nilimbeba. Amekuwa mwepesi, sikutaka kujua amekuwa mwepesi hivyo. Nikamlaza kwenye mkeka uani. Alifumba macho, akanyoosha shingo, akafungua mdomo kidogo kuelekea juu.

Shamim alitupa simu akapiga makofi. "Dada, Habuba amepona!"

Enzi zetu na mimi nilipiga makofi hivyo, kwa mikono yote miwili, mpaka viganja vikawasha. Jana nilikaa tu nimemshika mkono, maana shingo ile niliijua. Nilisogea ili kivuli changu kisimguse.