Siku Tuliyochaguliwa

Nakumbuka Krismasi moja, mwanangu, nikiwa kijana wa kupakia mahindi, serikali ilipoachia biashara na malori ya watu binafsi yakaanza kufika kijijini kwetu Kate. Bosi wangu alikuwa Desderi Sikazwe. Namtaja, simfichi.

Mama yangu miguu ilikuwa imevimba, hatembei. Kila Krismasi nilimpandisha kwenye baiskeli nikaisukuma hadi kanisani. Mwaka ule Sikazwe akaniambia, "Mshamba wewe! Tarehe ishirini na tano imeandikwa wapi kwenye Biblia? Wakubwa wa Kanisa waliipanga tu, zamani hizo. Kesho tunapakia."

Nikamwuliza katekista. Akakiri haikuandikwa.

Asubuhi nikamkuta mama mlangoni, kajifunga kanga mpya. Nikasema, "Leo siendi, mama. Yesu hakuzaliwa leo. Siku yenyewe hakuna anayeijua."

"Na wewe ulizaliwa lini?"

"Tarehe kumi na mbili Desemba. Cheti cha ubatizo kinasema."

Akacheka mpaka akakohoa. "Nilikuzaa shambani, tunabomoa matuta ya nyasi zilizooza tupande ulezi. Kalenda tungeitoa wapi? Padri alidai tarehe, baba yako akataja moja. Siku hatukuijua, baba. Mtoto tulikuwa naye mikononi."

Mbele yetu matuta yalikuwa yamebomolewa juzi tu, udongo mweusi unatoa mvuke baada ya mvua. Kumbe siku yangu ni wazazi wangu walioichagua kwa kunipenda! Na Kanisa nalo, enzi hizo za mbali, lilimchagulia Mtoto wake siku, maana alikuwa amekuja kweli. Nilivua kofia palepale, kanisani sijafika.

Nikampandisha. Njiani lori likatupita, Sikazwe akapaza sauti, "Mpeleke bibi harusi wako! Kazi huna!" Baadaye nikajua wapakiaji wengine wote walikuwa wamemkatalia kupakia siku ya Krismasi, ndipo akanijia na Biblia yake. Sijamsamehe vizuri, hata leo. Mama hakuiona Krismasi nyingine.

Mwanangu, mtu akikuletea neno la kweli, tazama pia anataka kukunyang'anya nini. Tarehe ilipangwa na watu, sema bila aibu. Ila usimwache mama yako mlangoni kwa sababu hiyo. Mungu akujalie watu wa kukuchagulia siku, nao wasiisahau.