Picha Nzito

Mama wa fotokopi pale kona hana haraka, hata foleni ifike mlangoni. Kabla ya kugusa chochote hupuliza kioo cha mashine, akakifuta kwa pindo la gauni, kisha huchapa kwa kidole kimoja ambacho wino umegoma kukitoka. Ukimwambia umekosea mahali, hukukatiza kwa sauti ya kubembeleza mtoto: "Wewe hujakosea, simu ndiyo imejitia ujuaji."

Juzi mbele yangu alikuwepo mwanamke anayeomba kazi ya upishi hospitalini. Fomu ilikuwa ya mtandaoni, inafungwa saa kumi, na sasa ni tisa na nusu. Kila akiweka picha yake, inakataliwa.

"Picha yako nzito, dada."

"Nzito? Na nilivyokonda hivi!"

Foleni nzima tukacheka. Mama akaipunguza picha uzito, fomu ikaikubali, mwenyewe akashusha pumzi. Lakini kabla ya kutuma, mama aliinama hadi pua ikakaribia kugusa skrini. Pale pichani macho yamekuwa ukungu, tabasamu halipo. Akaiondoa kwenye fomu.

"Mama wee, si imekubali? Saa inakwenda!"

"Imekubali, ila huyo si wewe."

Akairudia ya mwanzo. Akakata pazia, akakata ukuta, akakata bega la mtu wa kando, taratibu kama anayemenya yai, mpaka ikabaki sura peke yake na meno yake yote. Ikaingia zikiwa zimebaki dakika tano.

"Kwani ukuta nao ulikuwa unaomba kazi?" akasema, huku akinipulizia kioo.