Bwawa la Gracien katikati ya mahindi ya Ketura

Umande haujakauka kwenye mahindi ya Karusandara, magharibi mwa Uganda, na tayari Gracien yuko ndani ya shimo, suruali imekunjwa juu ya magoti, anakanyaga tope jeusi. Kushoto kwake ni mkewe, Consolée. Kulia ni Ketura, mwenye shamba. Nyuma yao majirani wanaingia mmoja mmoja, viatu mkononi.

"Kanyaga na kisigino, mama," Gracien anamwambia Ketura. "Usitembee kama unaenda misa."

"Mimi si mutu wa misa, niko wa Kanisa la Uganda. Na kisigino yangu ilijua kazi mbele wewe uvuke mpaka."

Shimo zima linacheka.

Shimo hilo ni bwawa la samaki, au litakuwa. Mahindi yamelizunguka pande tatu, pamba upande wa nne. Mwaka jana Ketura alimpa Gracien kipande hiki kwa sharti moja: samaki watagawanywa nusu kwa nusu. Mwaka huu ameongeza la pili. Mvua za kupanda zikikuta bwawa bado kavu, atalifukia apande mahindi.

Gracien ana miaka hamsini na sita. Alizaliwa milimani nje ya Butembo, ng'ambo ya mpaka, ambako baba yake, mzee Ezéchiel, alikuwa na mabwawa chini ya migomba. Akianza kuyaeleza, miguu yake husimama.

"Asubuhi ukungu ilikuwa inalala juu ya maji. Papa yangu anapiga maji na kiganja, pa, pa, na ngege zinakuja zote. Sisi watoto tulizijua moja moja. Kuko ile tuliita Padri, sababu ilikuwa na tumbo kubwa."

Vita vilipofika kijijini, yeye na Consolée walitoka na sufuria na godoro. Walivuka mpaka, wakaishi Bwera, mji wa mpakani, yeye akibeba mizigo sokoni, Consolée akiuza sombe, majani ya muhogo ya kutwangwa. Hapo alikutana na jambo lililomuuma kuliko magunia: kununua samaki. Wale wa ziwani, wa Katunguru, walifika wamekwisha kukauka, na hata hao hakuwamudu kila wiki.

"Kwetu samaki hatukununua," anasema. "Tulienda tu kuchukua."

Baadaye alipata kibarua cha kupalilia pamba ya Ketura, na kila siku alipalilia akisimulia mabwawa.

"Nilichoka kusikia samaki za Butembo," Ketura anasema. "Nikamwambia, basi chimba, tuone."

Akachimba. Akachimba kama mtu wa milimani, akashuka mpaka shingoni, kwa sababu kwao udongo mwekundu haubadiliki hata ushuke vipi, na bwawa la kina ndilo lenye maji baridi. Hakujua kwamba hapa tambarare udongo mweusi unaoshika maji ni tabaka tu. Chini yake ni mchanga ulioachwa na mto wa zamani. Tabaka hilo alilitoboa mwenyewe, kwa jembe lake, huku akiimba.

Maji yaliingia kwa mfereji jioni. Asubuhi hayakuwapo.

"Niliona matope na chura moja," anasema. "Nililia. Si sababu ya samaki. Niliona kama papa yangu amekufa mara ya pili."

Dawa ilikuwa kuurudisha udongo mweusi chini. Lakini Ketura alikuwa ameshausambaza kando ya nyumba yake, na juu yake maharagwe yalikuwa yanatoa maua. Gracien akaenda kuomba. Majirani bado wanayaigiza mazungumzo yale.

"Mama Ketura, ninaomba udongo yangu."

"Udongo yako iko chini ya maharagwe yangu."

"Nitangoja ikomae."

"Na nikikataa?"

"Nitangoja tu."

Walimalizia kwa Kikonzo cha Ketura na Kinande cha Gracien, lugha mbili ndugu, kwa sababu ugomvi wa kweli, wanasema, Kiswahili hakiufikii.

Maharagwe yalivunwa Juni. Beseni la kwanza la udongo lilikuja juu ya kichwa cha Ketura mwenyewe.

Wapo wanaopenda kusema kazi ya mkimbizi ni kunyoosha mkono. Waje waitazame miguu hii. Kwao Gracien, udongo wa nyumba ya maharusi hukanyagwa na majirani wote, kwa wimbo, na mwenye nyumba hutoka wa mwisho. Consolée ndiye aliyeikumbuka desturi hiyo, wakaileta bwawani.

"Nyumba yetu ilikanyagwa hivi," anasema. "Sijui kama ingali inasimama."

Wanakanyaga, wanamwagia maji, wanakanyaga tena, mpaka chini panang'aa kama chungu kibichi. Ketura ameshakishika kiitikio. Gracien anatoka wa mwisho.

Mwishoni mwa Agosti mvua ya kwanza ya kupanda imenyesha. Mfereji ulifunguliwa wiki iliyopita, kisha ukafungwa. Maji yapo, yanafika kiunoni, yametulia.

"Mwezi kesho ninaleta vifaranga vya ngege," anasema Gracien. "Wajukuu zangu walizaliwa huku. Ninataka wakule samaki bila kuuliza bei."

Ketura anafika na jembe, na mbegu za mahindi amezifunga kwenye ncha ya kitenge. Hasalimu. Analizunguka bwawa lote, anainama, anachovya mkono. Kisha anaanza kupanda ukingoni.

"Mama, unapanda karibu sana," Gracien anamwambia. "Watu ya kuvuta wavu watapita wapi?"

Ketura anayatazama maji, ambayo hayana hata samaki mmoja. Anarudi nyuma hatua moja, anachimba upya.