Dawa ya Injini Mezani kwa Vazha

Vazha wa Kutaisi alilipenda gari lake kuukuu kuliko meno yake mwenyewe. Siku ya ubatizo wa mjukuu, wageni wakiwa wameshaketi, alichomoka uani kulitia dawa ya kusafisha injini. Fundi alimwonya asizidishe kipimo, maana uchafu wa miaka ukibanduka kwa mpigo huziba chujio. Akapima kama mfamasia, akamimina tangini, akanusa chupa. Zabibu!

Kumbe amelinywesha gari chacha, gongo yao ya zabibu. Dawa alikuwa ameihamishia mwenyewe kwenye chupa ya chacha, kisa kopo lake lilimchukulia nafasi kabatini. Sasa dawa iko wapi?

Mezani! Vikombe vimeshajazwa. Lakini kwao hagusi mtu kikombe kabla tamada, msema heri wa karamu, hajamaliza maneno, na tamada wa siku hiyo alikuwa jirani yake Gocha, aliyekuwa akiwasifu mababu wa mtoto mmoja mmoja, na ndiyo kwanza yuko kwa wa tatu.

"Msinywe!" Vazha akaingia mbio. "Hiyo dawa ya gari!"

"Nami nikadhani chacha ya mwaka huu imekolea!" akasema mkewe, Lamara, aliyeinusa alipokuwa akiwamiminia wageni.

Gocha akanuna. "Ndugu yangu, nilibakiza sentensi moja tu."

"Muongo wewe! Ulibakiza mababu saba. Mungu akuzidishie maneno!"

Wakacheka mpaka mtoto akaamka. Dawa ikarudishwa kwenye kopo lake, vikaletwa vikombe vingine, na wote wakamsihi Gocha aanze upya, tangu babu wa kwanza.