Mtihani wa Benchi Moja

Kozi ile niliipanga mwenyewe, ndiyo maana hasira yangu mpaka leo haina pa kwenda. Nilikuwa mratibu wa mafunzo katika shirika lililohudumia zahanati ya kambi ya wakimbizi. Ofisi yetu ilikuwa Gungu, mjini, mbali na kambi, na wakubwa wetu wa Dar es Salaam walikuwa wamechoka kusafirisha watu kwenda semina. Wakasema mafunzo yote yahamie mtandaoni. Nikaandaa masomo saba yenye video, na mwishoni mtihani wenye saa inayohesabu dakika zilizobaki. Niliujaribu mezani kwangu, feni ikizunguka, mtandao ukikimbia, nikajiona mtaalamu kwelikweli.

Kambini kulikuwa na kompyuta moja, na mtandao ulishika karibu na dirisha la chumba cha dawa tu. Hilo sikwenda kuliangalia kabla. Wahudumu walikuwa tisa, wote Warundi. Wanane walikuwa vijana waliosomea hapo hapo kambini. Wa tisa alikuwa mama wa makamo aliyezalisha wanawake tangu kwao, kabla hajakimbia. Asiyepata cheti cha kozi yangu hakuongezewa mkataba, na kazi ile ndiyo iliyowashibisha wajukuu zake wanne pale mgao wa chakula ulipopunguzwa.

Wakafanya mtihani kama walivyozoea kufanya kazi. Pale zahanati hakuna aliyeamua jambo la mgonjwa peke yake. Kila mmoja aliita mwenzake wakashauriana. Basi walikaa kwenye benchi moja mbele ya kompyuta. Kijana mmoja alisoma swali, mwingine akamweleza yule mama kwa Kirundi, mama akatoa mfano wa mgonjwa aliyewahi kumhudumia, wakabishana mpaka wakakubaliana. Kisha kila mmoja akaingia kwa namba yake na kujaza jibu la wote. Nilipofungua matokeo, watu tisa walikuwa na alama zilezile na wamekosa swali lilelile.

Wakubwa wakauita udanganyifu. Nilipiga simu kueleza kwamba sijapata kuona wafanyakazi wakisoma kwa bidii namna ile. Bosi aliniuliza tu kama mwongozo ulisema kila mtu ajibu peke yake. Ulisema, na niliuandika mimi. Akaniagiza niende nikasimamie marudio. Nilipokata simu niliipiga meza teke, nikachechemea siku mbili kama mpumbavu.

Kambini vijana waliingia chumba cha dawa mmoja mmoja, wakafaulu wote. Yule mama aliingia wa mwisho, nikafunga mlango kama kanuni zangu zilivyotaka. Kiswahili cha kuongea alikiweza vizuri, cha kusoma kilimpa shida. Ukurasa ulikwama mara mbili, saa ikaendelea kuhesabu. Hata hivyo alijibu, polepole, midomo ikichezacheza, mpaka likabaki swali moja. Lilitaka kujua mhudumu mwenye shaka juu ya mgonjwa achukue hatua gani ya kwanza. Jibu sahihi, nililoandika kwa mkono wangu, lilikuwa kumuuliza mwenzake.

Alilisoma mara mbili, kisha akanigeukia.

"Dada, hili sijalishika vizuri," alisema. "Naomba unieleweshe."

Kanuni zilimkataza msimamizi kusema neno. Nilizitunga nikiwa Gungu, chini ya feni, wala sikumfikiria mtu yeyote. Nikainamisha kichwa, nikajifanya nasoma karatasi zangu. Nilijichukia, lakini niliendelea kugeuza kurasa. Dakika zikaisha, skrini ikajifunga, na alama yake ikatokea: amepungukiwa swali moja tu ili afaulu.

Alivua kitambulisho shingoni, akakiviringisha kwenye kamba yake na kukiweka mbele yangu. Kisha akafungua mlango, akawaita wale vijana, akaanza kuwaeleza kwa Kirundi hali ya mjamzito aliyekuwa amemwacha wodini.