Darubini ya Kichwa Chini

Ungemtambua ndugu yako akiwa kichwa chini? Kamotho, mpishi wa mlowezi mmoja kule Ruiru, alimtambua. Jioni moja mwaka 1954, bwana wake alisimamisha darubini ya nyota uani, akamwita atazame mwezi. Kamotho akaiinamisha, akaielekeza mtoni, chini ya mashamba ya kahawa. Darubini ile hupindua vitu. Akamwona Mbugua, mdogo wake aliyeingia msituni kupigania ardhi, akinywa maji miguu juu.

“Ona nini, mpishi?”

“Mwezi tu, bwana.”

Harufu ya nyama kuungua ikamkimbiza jikoni, akasahau kuirudisha darubini angani. Bwana akainama, akachungulia.

Asubuhi askari alipita uani amembeba Mbugua begani, kichwa chini, vilevile Kamotho alivyomwona.